Ukienda Bustani ya Wanyama ya Bronx, anza na chura wa Kihansi

Watoto wakishaingia getini watakuvuta mkono kwenda kwa simba. Kataa kwa upole. Waambie simba hahami, tutamkuta mchana, kisha shikeni njia ya Jumba la Reptilia. Humo ndani, kwenye boksi la kioo lenye majani mabichi na ukungu wa maji, yumo chura wa manjano asiyefika sentimita 3. Huyo nataka wamwone kabla miguu haijachoka na kabla hawajaanza kudai aiskrimu.

Nawaambia hivyo wote wanaoniuliza namna ya kutembelea bustani hii ya hapa New York, na wengi hushangaa. Mtanzania, mtu wa nchi ya Serengeti na Ngorongoro, anapeleka wageni kuangalia chura? Ndiyo, na nina sababu.

Mimi nimekulia Mlimba, bonde la Kilombero, pale treni ya TAZARA inapopumua kabla ya kuanza kupanda milima kwenda Makambako. Nilifundisha shule ya msingi huko wakati mradi wa umeme wa Kihansi unajengwa. Malori yalipita, vijana wakapata vibarua, na baadaye zikaanza kusikika habari za vyura waliogunduliwa kwenye maporomoko. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyo chura anafaa nini mpaka Wazungu wamfuate huku?" Sikuwa na jibu, nikamwambia tuendelee na somo. Niliishi jirani na chura yule miaka yote ile bila kumwona hata siku moja. Nilimwona kwa mara ya kwanza hapa Bronx, nimeinamia kioo, huku binti wa kaka yangu akinivuta koti na kuniuliza, "Shangazi, mbona unalia?"

Basi haya ndiyo ninayowaelekeza watu.

Tiketi na njia

Kata tiketi kabla ya kutoka nyumbani. Jumatano kwa kawaida huwa na nafuu ya kiingilio, na kwa familia yenye watoto wengi hiyo ndiyo siku yenu. Ila hata tiketi ya Jumatano inachukuliwa mapema kwenye intaneti, na wakati wa likizo huisha upesi. Mara ya kwanza nilikwenda na watoto sita, watatu wa ukoo wetu na watatu wa jirani yangu Mkongo, bila kusoma utaratibu. Tulirudia getini. Kosa lilikuwa langu, na vile vilio vya ndani ya treni sijavisahau. Tangu siku ile siondoki kabla sijaiona tiketi kwenye simu. Ujue pia kwamba si kila tiketi inajumuisha sehemu zote, hivyo angalia kama yako inajumuisha Msitu wa Gorila wa Kongo. Pangeni bajeti yenu mkiwa nyumbani, siyo mbele ya watoto.

Panda treni namba 2, shuka Pelham Parkway, kisha tembea mitaa michache kuelekea magharibi mpaka Lango la Mto Bronx. Njia nyingine ni kushuka West Farms Square, ambapo treni ya 2 na ya 5 zote husimama, na kupanda na barabara ya Boston hadi Lango la Asia. Bustani hufunguliwa saa nne asubuhi. Fika saa nne hiyohiyo. Wanyama wengi huchangamka asubuhi, na kiangazi ikishafika saa saba mchana simba amelala kivulini kama mtu aliyetoka shamba.

Usivae viatu vipya. Eneo lote ni ekari 265, sawa na viwanja 150 hivi vya mpira, na kuna vilima. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe na kigari chake hata kama ameapa kwamba ni mkubwa. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, ila chupa za kioo ziacheni. Sisi hubeba maandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi na maji mengi.

Namna ya kumwona chura

Jumba la Reptilia ni moja ya majengo ya mwanzo kabisa ya bustani hii, iliyofunguliwa tarehe 8 Novemba 1899. Waonyeshe watoto milango na kuta zake kabla ya kuingia, wajue kwamba babu wa babu zao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa watoto, jengo hili lilipoanza kupokea wageni. Ndani kuna nyoka, mamba na kobe. Watoto watasimama kwa chatu, nawe waache wasimame, maana ukiwaharakisha watamwona chura wako kama adhabu.

Ukifika kwenye kioo cha vyura wa Kihansi, mwanzoni utaona majani tu. Wengi huishia hapo, wanasema "hamna kitu" na kupita. Usigonge kioo. Chuchumaa mpaka macho yako yalingane na majani, nyamaza, hesabu polepole mpaka thelathini. Tafuta rangi ya ndizi iliyoiva. Tafuta kitu chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimejibandika juu ya jani au kwenye kuvumwani. Ukishamwona mmoja utawaona wengine wanne waliokuwa mbele yako muda wote. Mtoto akimwona kwanza kabla yako, mwache akuonyeshe. Usijifanye ulishamwona.

Sasa mtazame vizuri. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hadi nuru inapenya. Jike mwenye mimba akipanda kioo, unaweza kuona watoto wake kama vidoa vyeusi ndani ya tumbo. Chura huyu hatagi mayai majini kama wale wa kwenye madimbwi yetu ya mpunga, wala watoto wake hawaogelei majini wakiwa viluwiluwi. Anazaa vyura kamili, kila kimoja kikubwa kidogo tu kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Siku niliyomwona jike wa namna hiyo nilikaa pale karibu nusu saa. Alinyanyua mguu mmoja wa mbele, akaubandika juu kidogo, akasubiri, akanyanyua mwingine, na vidoa vile vikasogea pamoja naye. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliacha kunivuta koti.

Hapo ndipo pa kuwasimulia. Mimi husimulia hivi, kwa mpangilio huu, kwa sababu nimeona watoto wanaushika.

Milima ya Udzungwa ina mto unaoitwa Kihansi. Ulipokuwa unaanguka gengeni, yaani korongoni, kwa nguvu zake zote, maji yalipasuka na kuwa manyunyu, na manyunyu yale yalilowesha vipande vya ardhi yenye majani chini ya maporomoko usiku na mchana, mwaka mzima. Eneo lenyewe lilikuwa hekta 2 hivi. Vyura hawa waliishi hapo tu, duniani kote hapakuwa na pengine. Wanasayansi waliwakuta mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umekwishaanza. Mwaka 2000 mitambo ikawashwa, megawati 180, na karibu asilimia 90 ya maji ya mto ikageuzwa kupita kwenye handaki kwenda kuzungusha mitambo. Manyunyu yakakatika.

Hapa simama. Mtoto mkubwa atasema walioujenga ule mradi walikuwa watu wabaya. Usimwache na jibu hilo. Mimi nimesahihisha madaftari kwa mwanga wa koroboi. Nimeona mama akijifungulia gizani. Umeme ulihitajika na bado unahitajika, na wanaopinga hilo mara nyingi ni watu wasiowahi kuukosa. Mtoto ajue kwamba haki mbili zinaweza kugongana, na kwamba watu walitafuta namna ya kuzibeba zote mbili.

Walifanya mambo mawili. Kule gengeni wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu ya zamani. Na mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walichukuliwa na kuletwa Marekani, wawe akiba endapo kule kutaharibika. Kukaharibika kweli. Katikati ya mwaka 2003 walikuwa maelfu gengeni, kisha wakaanza kufa kwa kasi, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ukakutwa miongoni mwao. Januari 2004 waliotafuta waliona watatu tu. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akaandikwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Huku nako mambo hayakuwa mepesi. Walipata magonjwa, chakula hakikuwafaa, mwanga haukuwa ule wa kwao, na idadi ikaporomoka hadi chini ya mia. Watunza wanyama wa Bronx, pamoja na wa bustani ya Toledo kule Ohio, wakajifunza kidogokidogo: taa za namna gani, ukungu wa maji kiasi gani, vijidudu gani vinatosha kwenye mdomo mdogo vile. Vyura wakaanza kuzaana hadi wakawa maelfu. Agosti 2010, vyura 100 walipandishwa ndege kurudi Tanzania, kwenye maabara iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa gengeni Kihansi.

Namba hizo zigeuze hesabu. Walikuja 499, wakabaki chini ya mia: waliokufa hawapungui wangapi? Mtoto akishapiga hesabu hiyo mwenyewe haisahau. Na yule mwanafunzi wangu wa darasa la sita, kama ningekutana naye leo, ningemjibu hivi: sijui chura yule anafaa nini mfukoni mwako, lakini Mungu alimweka mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni kwetu, umbali wa safari ya basi kutoka darasa letu. Wa kumlinda alikuwa nani kama siyo sisi?

Kabla hamjaondoka hapo someni kibao pamoja. Kila kibao cha maana kwenye bustani hii kinasema mnyama huyu anatoka wapi na hali yake ikoje: yuko salama, yuko hatarini, yuko hatarini zaidi, ametoweka porini. Wafundishe watoto maneno hayo manne na uwaachie kazi ya kuyatafuta kwenye vibao vyote mtakavyopita siku hiyo. Watoto wasiosoma vibao huona manyoya na meno, basi.

Nyati waliopanda treni

Kutoka kwa chura, wapeleke kwa nyati wa Marekani, wale wenye nundu na manyoya kama blanketi kuukuu. Watu huwapita, na wanyama wenyewe husimama tu wakitafuna. Lakini stori yao ndiyo mama wa ile ya chura. Nyati hawa walikuwa mamilioni, wakawindwa mpaka ilipofika mwisho wa karne ya 19 hawakuzidi elfu moja au karibu na hapo. Mkurugenzi wa kwanza wa bustani hii, William Hornaday, alikusanya wachache na kuwazalisha hapahapa Bronx. Desemba 1905 watu walikutana ndani ya Jumba la Simba la bustani hii wakaunda chama cha kuwaokoa nyati, Rais Theodore Roosevelt akiwa rais wake wa heshima. Oktoba 1907, nyati 15 walipakiwa kwenye treni hapa jijini na kupelekwa Oklahoma, kwenye hifadhi ya milima ya Wichita.

Mimi huwaambia watoto: nyati walirudi kwao kwa treni mwaka 1907, vyura walirudi kwao kwa ndege mwaka 2010. Hicho ndicho kipimo changu cha bustani ya wanyama, popote ilipo. Huwa nauliza, nini kimetoka humu kikarudi porini? Bustani isiyo na jibu la swali hilo siipelekei mtoto, hata kama ina tembo kumi.

Msitu wa Kongo

Kama tiketi yenu haijumuishi Msitu wa Gorila wa Kongo na mfuko unaruhusu, ulipieni. Ulifunguliwa mwaka 1999, na njia yake inapita kwenye miti na ukungu kabla hujafika kwa gorila wenyewe. Mkianza kutembea tafuteni okapi, yule mnyama mwenye miguu ya pundamilia na ulimi mrefu unaofika hadi macho yake. Anatoka msitu wa Ituri, Kongo mashariki, na watu wa huko wanasema Kiswahili. Jirani yangu Mkongo alipomwona alimwita kwa sauti, kama mtu aliyekutana na ndugu stesheni. Wanawe, waliozaliwa hapa, wakataka kujua mama yao amemjulia wapi. Alikaa kwenye benchi akaanza kuwaeleza habari za kwao, mambo ambayo kwa miaka hakuwa ameyagusa. Sikumharakisha, nikachukua wangu tukaenda mbele.

Kuna filamu fupi kwenye chumba chenye viti. Msiondoke ikiisha, maana ndipo pazia hupanda na nyuma yake kuna kioo kikubwa, na gorila wako pale. Gorila akikaa mgongo kwenye kioo, usimgongee ili ageuke. Mtoto akae naye mgongo kwa mgongo kama anataka, na mara nyingi gorila mdogo huja mwenyewe kuchungulia.

Mwishoni wageni wamekuwa wakichagua mradi upi wa uhifadhi upewe fedha ya kiingilio chao; mkiikuta nafasi hiyo, itumieni. Usichague wewe kwa niaba ya mtoto. Mwache asome, aulize, abonyeze mwenyewe, hata kama foleni iko nyuma yenu. Taasisi inayoendesha bustani hii, ambayo zamani iliitwa New York Zoological Society na sasa ni Wildlife Conservation Society, inafanya kazi Afrika kwa miaka mingi, na Tanzania imo. Watafiti wake waliokuwa Nyanda za Juu Kusini ndio waliosikia wawindaji wa mlima Rungwe wakimtaja kima ambaye hakuwemo kwenye kitabu chochote, wakamfuatilia hadi wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kipunji. Wanyakyusa walikuwa na jina lake tayari. Hilo huwa nalisema kwa sauti, watoto walisikie: wenyeji walimjua, wataalamu wakawasikiliza.

Jumba la nyani

Sasa sehemu ngumu, na nakuomba usiiruke. Karibu na bwawa la simba-bahari, kwenye majengo ya zamani yaliyozunguka uwanja, lipo jengo lililokuwa Jumba la Nyani. Lilifungwa kama makazi ya wanyama mwaka 2012. Septemba 1906, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, Ota Benga, aliwekwa ndani yake pamoja na nyani, watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Alikuwa ameletwa Marekani mwaka 1904 kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis. Wachungaji weusi wa New York, wakiongozwa na James Gordon, walipinga kwa nguvu hadi akatolewa, akahamia kwenye kituo cha watoto yatima kilichosimamiwa na mchungaji huyo, baadaye akaishi Lynchburg, Virginia. Alitaka kurudi kwao, vita kuu ya kwanza ikafunga njia za meli. Machi 1916 alijiua.

Hornaday niliyekutajia kwenye habari ya nyati ndiye aliyekuwa mkurugenzi siku zile. Mtu huyohuyo aliyewahurumia nyati. Taasisi iliomba radhi hadharani Julai 2020, miaka 114 baadaye.

Watoto wa chini ya miaka kumi mimi siwaelezi yote. Nawaambia: hapa mtu wa kwetu alidhalilishwa, jina lake Ota Benga, na wachungaji walisimama wakasema hapana. Tunasimama kidogo, tunalitaja jina, tunaendelea. Wale wakubwa nawaeleza bila kuficha, na nawapa nafasi ya kukasirika. Jirani yangu hakutaka kufika pale. Nikaheshimu. Kila mtu abebe anachoweza kubeba.

Ukishazungumza hayo, kijana wako atauliza swali linalofuata, nalo ni la haki: kwani wanyama hawa nao wanapaswa kufungiwa? Usimjibu haraka. Mwambie hata mahakama imeulizwa. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo la New York ilisikiliza shauri la tembo wa bustani hii aitwaye Happy, waliomtetea wakitaka atambuliwe kuwa na haki ya uhuru wa mwili kama mtu. Majaji watano walikataa, wawili wakakubali. Mwachie hiyo namba aibebe. Mimi mwenyewe, nikimfikiria tembo yule wakati theluji inaanguka, moyo wangu huwa upande wa wale wawili. Nikirudi kwa chura, naona bila lile boksi la kioo asingekuwepo. Sijawahi kuyapatanisha haya mawili, na watoto nimewaambia hivyohivyo.

Kuzungumza na watunza wanyama

Utawaona wamevaa sare, wana ndoo au redio mkononi. Wengi wao wanapenda kuulizwa, ila huulizwa swali lilelile siku nzima: anakula nini? Mfundishe mtoto maswali mengine. Huyu amezaliwa wapi? Baba yake na mama yake walichaguliwaje? Watoto wake watapelekwa wapi? Maswali hayo hufungua mlango, kwa sababu bustani hizi hutunza vitabu vya ukoo wa wanyama wengi, nani ni mtoto wa nani, ili ndugu wasizaane na damu isidhoofike. Mama mmoja mtunza wanyama alimweleza binti wa kaka yangu habari hiyo kwa dakika kumi, ameshika ndoo ya samaki, na tangu hapo mtoto amechora ukoo wetu mzima hadi kwa bibi mzaa babu. Kama Kiingereza chako kinakusumbua, usijitenge. Watoto wetu wa hapa ndio wakalimani wetu, na kutafsiri maswali ya mama au shangazi kunawafanya wasikilize mara mbili.

Kama vyura hawaonekani siku hiyo, muulize mhudumu wa jumba lile. Nchi yako ndiyo iliyowatoa, una kila sababu ya kuuliza.

Simba, mwisho

Haya, nendeni kwa simba. Viwanja vya Afrika vilifunguliwa mwaka 1941, na vilikuwa kitu kipya Marekani: badala ya vyuma, simba na swala wametenganishwa na handaki usiloliona kwa urahisi, hivyo mtoto anaona mwindaji na mwindwa kwenye mandhari moja. Mwonyeshe handaki lilipo. Watoto wanapenda kujua hila ilivyofanywa, na ni somo jema kuhusu namna watu wa zamani walivyoanza kufikiri kwamba mnyama aonekane akiwa na ardhi chini ya miguu.

Ukija majira ya baridi, kumbuka treni ya juu inayopita kwenye sehemu ya Asia huwa imesimamishwa, na wanyama wa nchi za joto wengi hawatoki nje. Chui wa theluji ndiyo siku zao. Na vyura wa Kihansi wamo ndani, kwenye joto, mwaka mzima. Mimi mwenyewe napenda zaidi Januari: jumba linakuwa tupu, husikii kelele, unaweza kuchuchumaa mbele ya kioo kile bila mtu kukusukuma.

Mkipanda treni kurudi, wape watoto karatasi na kalamu kabla hawajachukua simu. Kila mmoja aandike mambo matatu: mnyama aliyemwona kwa mara ya kwanza, neno alilolisoma kwenye kibao, na swali ambalo hakujibiwa. Kutoka Pelham Parkway mpaka tunaposhuka inatosha. Nimehifadhi karatasi hizo zote kwenye kopo la biskuti. Ya binti wa kaka yangu ya siku ile, kwa Kiswahili chake cha Bronx, inasema: chura ya manjano, ametoweka porini, kwa nini Shangazi hukumwambia yule mwanafunzi. Niliipiga picha ile karatasi nikaituma Mlimba kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, na sasa tunamtafuta mwanafunzi mwenyewe. Tumesikia anaendesha bodaboda Ifakara.